Mboji inanuka, ina funza, haiivi: tafuta kosa kabla hujaimwaga

Watu wengi huacha kutengeneza mboji, yaani mbolea ya taka za mimea zilizoozeshwa, wiki ya tatu. Wiki ya kwanza ndoo inapendeza hata kuitazama: maganda ya ndizi, mabua ya mchicha, majani ya chai. Wiki ya pili kuna maji chini. Ya tatu jirani anakuuliza, kwa heshima zote, kama na wewe unasikia harufu ya panya aliyekufa. Mimi niliulizwa hivyo hapa Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye familia nne na ua mmoja, na huyo panya alikuwa ndoo yangu ya rangi ya lita 20, imejaa maganda ya mihogo, machicha ya nazi na wali uliolala. Mama mwenye nyumba hakupandisha sauti. "Mwanangu, hicho kitu magharibi isikikute hapa." Nikaenda kukifukia.

Leo kuna matenga mawili kwenye ua ule ule na hakuna anayeuliza kitu. Sikununua dawa yoyote. Nilichoongeza ni gunia la makavu, na utaliona likitajwa karibu kila sehemu hapa chini. Humo ndani tia chochote kikavu kilichotokana na mmea: majani ya mwembe au mkungu yaliyofagiliwa uwanjani, maranda kutoka kwa seremala, maganda ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa, maboksi na trei za mayai zilizochanwachanwa. Gunia linatakiwa liwe limejaa na limesimama pembeni ya tenga kabla hujatupa ganda la kwanza. Anayeanza na chombo akasema makavu atayatafuta baadaye, huyo ndiye atakayeulizwa habari za panya.

Ruka moja kwa moja hadi kwenye dalili uliyonayo, ila kipimo kinachofuata usikiruke.

Kipimo cha konzi

Vaa glavu (sababu iko kwenye sehemu ya panya), ingiza mkono hadi katikati ya mboji, chukua konzi moja na uikamue kwa nguvu zako zote. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, unyevu uko sawa. Ni kama kitambaa cha kudekia kilichokwisha kukamuliwa. Yakichuruzika, imelowa mno. Ukifungua kiganja na kila kitu kikamwagika kama vumbi, imekauka. Usipime ya juu, maana juu hukauka kwa jua huku katikati ni tope.

Kisha nusa ile konzi. Mboji yenye afya inanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza ya vuli. Ikinuka kitu kingine, harufu yenyewe ndiyo inayokuambia kosa liko wapi.

Kinachoozesha taka ni viumbe hai, wengi wao hawaonekani kwa macho, na mahitaji yao hayana siri: hewa, maji, na chakula cha aina mbili. Makavu yanawapa kaboni, ambayo ndiyo nguvu ya kufanyia kazi. Mabichi ya jikoni yanawapa naitrojeni ya kujengea mwili. Hufanya kazi vizuri kaboni ikiwa mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Jikoni hakuna mizani ya kupimia hayo, kwa hiyo tumia sado: sado moja ya mabichi, sado mbili hadi tatu za makavu. Ni kwa ujazo, si kwa uzito. Ganda la tikiti na konzi ya maranda vinaweza kujaza chombo kile kile na bado uzito ukapishana mno.

Inanuka

Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na ndilo lenye majibu mengi, kwa sababu harufu hazifanani. Nimeshasikia watu wakishauriwa "ongeza majivu" kwa kila harufu. Kwa harufu moja kati ya hizi, majivu ni kama kumwaga petroli kwenye moto.

Harufu ya yai viza, au ya mtaro uliozibuliwa. Hewa imekwisha ndani. Maji yamejaza kila upenyo, viumbe wanaotaka hewa wamekufa au wamelala, na nafasi yao imechukuliwa na wale wasioitaka, ambao hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi. Ndiyo hiyo unayoisikia. Konzi yako itakuwa inachuruzika. Tandika turubai au kiroba kilichopasuliwa, mwaga mboji yote, iache ipunge upepo saa moja au mbili kivulini, kisha uirudishe ukiichanganya na makavu hadi konzi itoe matone mawili matatu tu. Harufu itakuwa kali zaidi wakati wa kumwaga, kwa hiyo chagua saa ambayo majirani hawako mezani. Baada ya siku mbili itakuwa imepungua sana.

Hiyo ni tiba ya leo. Ili isirudi, kiangalie chombo. Ndoo yenye mfuniko na isiyo na tundu hata moja ni chombo cha kuchachushia, si cha kutengenezea mboji. Toboa matundu ya unene wa kidole kidogo chini na ubavuni kote, kisha uiinue juu ya matofali ili maji yapate pa kutokea na hewa pa kuingilia. Watu hutoboa chini wakasahau ubavuni, na ubavuni ndiko hewa nyingi inakopita. Mjapani Koji Takakura, alipokuwa akishughulikia taka za jikoni huko Surabaya, Indonesia, alitumia kapu la plastiki lenye matundu pande zote, akalitandika boksi ndani. Tenga la nguo chafu linalouzwa kila soko hapa kwetu linafanya kazi hiyo hiyo, na boksi ndani huzuia vitu visidondoke huku likipitisha hewa na kunywa unyevu. Likioza, unaweka jingine, na lile la zamani linaingia kwenye mboji.

Masika, yaani Machi hadi Mei, hata tenga zuri litalowa kama halijafunikwa. Kipande cha bati kilichoegeshwa kwa mteremko kinatosha. Usilifunge na nailoni kama zawadi.

Harufu ya uchachu, kama togwa iliyopitiliza. Hapa mara nyingi hakuna tope, bali kuna wanga na sukari nyingi mahali pamoja: ugali uliobaki, wali, machicha ya nazi, maembe yaliyopondeka msimu wake. Wanga ukilowa hugandamana ukawa kama uji mzito, hewa haipiti, asidi zinajikusanya. Vunja mabonge kwa mkono au kwa kijiti, changanya makavu, geuza kesho na keshokutwa. Wengi hukimbilia chokaa wakidhani ni lazima kuua asidi. Huhitaji. Hewa ikirudi, viumbe wenyewe huzila zile asidi na uchachu huisha. Maganda ya ndimu na machungwa nayo husingiziwa sana. Kwa kiasi cha nyumba ya kawaida hayana kosa, ila huoza taratibu kuliko ya ndizi.

Chakula kilichopikwa kisizidi robo ya mabichi yako. Kama nyumbani kwenu wali unabaki sado nzima kila siku, tatizo lako linaanzia kwenye sufuria, si kwenye mboji.

Harufu kali inayochoma pua, ya choo cha stendi au banda la kuku. Ni amonia. Naitrojeni imezidi, viumbe wameshindwa kuitumia yote, na inayobaki inapaa hewani. Hii ni hasara halisi, kwa sababu unachokinusa ni mbolea yako inayoondoka. Hutokea ukitia mbolea ya kuku kwa wingi, nyasi mbichi zilizofyekwa, au matumbo ya samaki. Dawa yake ni kaboni inayooza upesi: trei za mayai zilizochanwa vidogo, majani makavu yaliyovunjwavunjwa, na maranda kidogo. Geuza mara moja tu, funika juu, uiache itulie. Hapa ndipo majivu yanapoharibu. Majivu yana asili ya magadi, na mchanganyiko wenye naitrojeni nyingi ukitiwa kitu cha namna hiyo huitoa amonia kwa kasi zaidi. Mtu anamwaga majivu ya mkaa ili harufu ikatike, inazidi, anaongeza mengine.

Harufu ya mzoga. Kuna nyama, samaki au mifupa. Toa. Vichwa vya dagaa na maji ya kuoshea samaki nayo ni humo humo. Kwenye shamba kubwa vitu hivyo vinaweza kuingia ndani ya lundo la moto, lakini kwenye tenga la uani havina nafasi. Chimba shimo la mkono mmoja karibu na mgomba, fukia, mgomba utashukuru.

Wengine humwaga dawa ya chooni kwenye ndoo ili ipoe. Dawa hiyo imetengenezwa kuua bakteria, na mboji ni bakteria.

Ina funza

Tulia kwanza, uwatazame. Kuna wa aina tatu, na kila mmoja ana habari yake.

Weupe, wadogo, wembamba, wanaojisokota juu juu: hao ni wa nzi wa nyumbani. Nzi ametaga kwa sababu chakula kilikuwa wazi. Kwa joto la pwani, yai linaweza kuwa nzi kamili kwa siku saba hadi kumi, kwa hiyo ukigeuza kila siku nne au tano ukiwaingiza wa juu chini, unaukata mzunguko kabla haujatimia. Kila unapotia mabichi, yafukie kwenye mboji ya zamani, kisha mwaga tabaka la makavu la unene wa vidole vitatu juu. Hilo tabaka la juu ndilo dawa ya nzi. Ukiliweka kila mara, bila kusema leo nimechoka, nzi watapungua wenyewe. Vile vijinzi vidogo vinavyoruka ukifungua mfuniko ni nzi wa matunda, na tiba yao ni ile ile. Mayai yao mara nyingi huja yakiwa tayari juu ya ganda la ndizi au embe, ndiyo maana ndoo ndogo ya jikoni inatakiwa imwagwe kila siku.

Wa kijivu hadi kahawia, bapa, wagumu ukiwashika, wanene kama punje kubwa ya mpunga au zaidi: hawa ni watoto wa nzi askari, na kama unafuga kuku umeokota hela. Nzi mwenyewe ni mweusi, mrefu, unaweza kumdhania nyigu, lakini haumi, na akishakomaa hahangaiki na chakula chako. Huishi siku chache akataga na kufa. Funza wake hula taka kwa kasi ya kutisha. Kinachowatia watu hofu ni kwamba wakikaribia kugeuka huwa weusi na kuanza kuhama kutafuta mahali pakavu, na asubuhi unawakuta wanapanda ukuta wa jikoni. Wakusanye, wape kuku. Kama huwataki kabisa, kausha mboji kidogo na punguza wali na matunda, maana hupenda palipolowa na penye chakula laini.

Wanene, weupe, wamejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia: hao ni watoto wa mbawakawa wakubwa, wadudu wenye mabawa magumu, si mende wa jikoni. Ndani ya mboji hawana ubaya, wanakula kilichooza. Ila kama unaishi penye minazi, Bagamoyo, Mafia, Unguja au hata Kigamboni, kumbuka kuwa mmoja wa mbawakawa hao ni yule mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, naye hupenda kuzaliana kwenye samadi na magogo yaliyooza. Kwa macho si rahisi kuwatofautisha wakiwa funza. Waokote wote. Kuku tena.

Panya na kunguru

Panya hafuati maganda ya mihogo ghafi. Anafuata ugali, wali, samaki, na joto la kulala. Ukimwona mmoja, ondoa chakula kilichopikwa kwa mwezi mzima na ugeuze mboji kila baada ya siku tatu, kwa sababu panya hapendi kujenga nyumba inayobomolewa. Tenga lililo chini ya ukuta, nyuma ya mabati chakavu, ni kama umempangishia. Lisogeze mahali peupe. Wavu wa kuku haumzuii, maana panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la upana wa penseli. Tafuta wavu wa chuma wenye matundu madogo kuliko hapo, uzungushe na chini pia.

Sasa kuhusu glavu. Mwaka 2022 ugonjwa uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, ulibainika kuwa homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kupitia michubuko na ngozi iliyolowa. Mboji iliyotembelewa na panya ni mahali pa kutoingiza mkono mtupu wenye jeraha. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, yatosha.

Kunguru ni suala jepesi zaidi, japo wana kelele. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasaidie kuondoa taka mjini, kisha wakavuka bara. Kazi hawajaiacha. Kifuniko chenye jiwe juu kinawatosha.

Miezi inapita, haiivi

Huna harufu, huna funza, huna chochote. Ganda la ndizi la Pasaka liko vile vile hadi Sabasaba. Watu wa namna hii hawalalamiki kwa sababu hakuna jirani anayekereka, lakini tenga linajaa na taka zinarudi kwenye gari la taka kama mwanzo.

Kamua konzi. Mara nyingi itamwagika kama vumbi. Kuanzia Juni hadi Septemba pwani hupata mvua kidogo na upepo wa kusi hukausha kila kitu, na tenga lenye matundu pande zote hukauka upesi kuliko ndoo. Nyunyiza maji huku ukigeuza. Ukimwaga juu tu bila kugeuza yatateremka kwa njia moja hadi chini na kuacha katikati pakavu. Maji ya kuoshea mchele au mboga ni mazuri. Ya sabuni hapana.

Kama unyevu uko sawa na bado haiendi, tazama makavu yako. Vumbi la mbao lina kaboni mara mia kadhaa ya naitrojeni yake, kwa hiyo tenga lililojaa vumbi la mbao na maganda machache ni tenga lenye njaa. Ongeza mabichi, au konzi kadhaa za mbolea ya kuku. Maganda ya mpunga nayo ni mazuri kwa kupitisha hewa lakini huoza polepole mno. Yachanganye na majani, usiyategemee peke yake.

Kisha ukubwa wa vipande. Gunzi zima la mahindi litakaa mwaka. Bua la mgomba likikatwa vidogo halimalizi miezi miwili. Kuna vitu ambavyo tenga la nyumbani halina ubavu navyo: vifuu, makumbi ya nazi, kokwa za embe. Vifuu na makumbi ni kuni. Kokwa zifukie.

Mwisho, usidanganywe na picha za malundo yanayofuka moshi asubuhi. Lundo hupata joto la kweli, nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, likifikia kama mita moja kila upande, kwa sababu hapo ndipo linaweza kushikilia joto lake. Tenga au ndoo haitafika huko, na haina tatizo; inaoza kwa ubaridi. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam hesabu miezi miwili na nusu hadi minne tangu uache kuongeza. Makete au Lushoto, kwenye baridi, ongeza miezi. Mwenye lundo kubwa apime kwa nondo: ichomeke katikati dakika kumi, ichomoe, ishike. Kama huwezi kuishikilia, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi, geuza na uongeze maji au mabichi.

Sisimizi, mchwa, utando mweupe

Sisimizi wakijenga ndani, pamekauka. Lowesha, geuza, watahama. Mchwa ni hivyo hivyo, tena huja kwa sababu chombo kimegusa ardhi na kuna mbao au maboksi. Inua juu ya matofali. Nyuzi nyeupe au unga wa kijivu unaofanana na majivu ndani ya mboji ni ukungu na jamaa zake, nao wako kazini. Ila ukiuona unga huo umetapakaa kote na konzi ni kavu, ongeza maji. Nyungunyungu wakija wenyewe, usiwaguse.

Maji meusi chini ya chombo

Kidogo ni kawaida. Mengi ni ishara ya mabichi kuzidi, rudi kwenye gunia. Wapo wanaoyaita mbolea ya maji na kuyamwagia mchicha moja kwa moja. Mimi siyaamini, kwa sababu hayo ni maji yaliyochuja kwenye kitu ambacho hakijaiva. Yarudishe juu ya mboji ikiwa kavu, au mwaga kwenye shina la mgomba.

Hatari iliyo kubwa kuliko maji yenyewe ni sahani unayoyakingia. Maji yaliyotuama, wiki moja tu na ushei, yanatosha kutoa mbu, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengi, 2014 na tena 2019. Mwaga sahani kila baada ya siku tatu, au jaza mchanga humo ili maji yasisimame wazi.

Kuna vitu havijaoza hata chembe

Chekecha mboji uone kinachobaki juu ya chekecheke. Stika za matunda, nyuzi za viroba, na zaidi ya yote ile mifuko mbadala. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania, mikononi mwetu kuna mifuko inayofanana na kitambaa, na watu wema kabisa huitumbukiza kwenye mboji wakidhani ni pamba. Mingi ni polipropilini, plastiki iliyofumwa kwa namna nyingine. Itachanika vipande vipande ikabaki udongoni. Karatasi zinazong'aa na vikombe vya karatasi vina utando wa plastiki pia. Pampasi usiijaribu, na kinyesi cha mbwa na paka pia kiache.

Nyanya na mipapai inaota ovyo

Mbegu zimepona, kwa sababu tenga halikupata joto la kuziua. Zinahitaji nyuzi 55 kwa siku tatu hivi. Hakuna kilichoharibika. Ing'oe, au fanya kama mimi, hamishia mpapai mmoja kwenye kona. Ikikukera, mbegu za maboga na nyanya zikaushe jua kali kisha ukaange kidogo kabla ya kutupa, ingawa sijui nani ana muda huo.

Nimeitumia, mimea ikawa ya njano

Mboji haikuwa imeiva. Ukiweka kwenye udongo kitu ambacho bado kinaoza, hasa chenye maranda mengi, viumbe wanaomalizia kazi hunyang'anya naitrojeni ya udongo, na mchicha wako ndio unaokosa. Njano huanza majani ya chini. Usiing'oe mimea, isogeze mboji iwe juu ya udongo kama matandazo badala ya kuchanganywa ndani, na mwagilia kwa maji yaliyolowekwa samadi iliyooza vizuri, yakiwa yamezimuliwa hadi yafanane na chai ya rangi. Majani mapya yatatoka ya kijani kabla ya mwezi kwisha.

Kwa awamu ijayo pima kabla. Jaza mboji yenye unyevu kwenye kopo, funga kabisa, iache siku tatu kivulini. Ukifungua ikanuka uchachu au amonia, bado. Ikinukia udongo, fanya kipimo cha pili: panda mbegu ishirini za mchicha kwenye mboji yenyewe, na ishirini nyingine kwenye udongo wa kawaida. Mchicha huota siku ya nne au ya tano. Zikiota karibu sawa, iko tayari. Zikiota chache upande wa mboji, au zikiota kisha zikajikunja ncha, irudishe kwenye tenga, igeuze, uiache wiki tatu nyingine. Ndiyo sababu nina matenga mawili: moja linapokea taka za leo, jingine limefungwa na kuandikwa tarehe kwa mkaa ubavuni, na hakuna mtu hapa uani, hata watoto, anayeruhusiwa kutia ganda humo hadi mchicha uote.